Mimi ni Simba, lakini nilinunua kadi ya kijani

Hosteli, Jumapili, saa tano usiku.

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na kuna wenzenu wameshaanza kuuliza kama nimedisco. Hapana, nipo, nadunda. Nilikuwa na kesi. Kesi yenyewe nilijitakia mwenyewe, na leo naiandika yote ili roho yangu itulie na ili siku nyingine mtu akiniuliza "kaka, ninunue kadi gani?" nimuonyeshe hapa kabla sijafungua mdomo.

Wanaonijua wanajua kwamba pale hosteli mimi ndiye naitwa Fundi. Sio fundi wa cheti, ni fundi wa kupenda tu. Kompyuta ya mtu ikigoma naitwa, mtu akitaka kununua naitwa. Na kusema kweli nilikuwa naipenda ile heshima. Mtu anagonga mlango saa nne usiku, ameshika kibegi, anasema "Fundi, samahani," halafu rumeti wangu anakata jicho... raha bwana.

Sasa hosteli yetu kuna ugomvi mmoja usioisha, ugomvi wa kadi za grafiksi. Kuna timu ya kijani, hao ni wa NVIDIA na GeForce zao, na kuna timu nyekundu, hao ni wa AMD na Radeon zao. Na kwa kuwa sisi ni sisi, ugomvi ukageuka Simba na Yanga. Rumeti wangu ni Yanga damu, kwa hiyo kijani. Mimi ni Simba toka tumboni kwa mama, kwa hiyo nyekundu. Msicheke. Nimeona watu wana digrii zao wanachagua mambo makubwa kuliko hayo kwa sababu ndogo kuliko hizo.

Basi bwana. Mwanzoni mwa semesta alikuja dogo mmoja wa mwaka wa pili, anasoma usanifu majengo. Kijana mpole sana, salamu yake ni "shikamoo kaka" hata kama tunapishana miaka miwili. Ana mashine ya mezani ya mtumba, zile za ofisini, Dell OptiPlex 7010 ya boksi la kusimama, prosesa i5 ya kizazi cha tatu. Ni mashine nzuri kwa bei yake, ila haina kadi ya grafiksi, inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa. Mama yake anauza chai na maandazi stendi kule kwao Makambako. Alipopokea zamu yake ya upatu akamtumia mwanawe laki tatu na nusu, akamwambia nunua hicho kitu cha masomo. Dogo akaja kwangu. "Kaka, ninunue ipi?"

Mimi wala sikufikiria dakika mbili. Nikamwambia chukua RX 580 ya GB 8.

Na sikuwa mjinga kabisa, naomba nijitetee kidogo. RX 580 ilitoka Aprili 2017, na hata sasa kwenye michezo inaipiga GTX 1650 ya kijani iliyotoka Aprili 2019 na ambayo ina GB 4 tu. Kadi hizo za mtumba zipo nyingi kwa sababu watu walizinunua rundo kuchimbia sarafu za mtandaoni, halafu Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake na uchimbaji ule wa kadi ukafa siku moja. Mzigo ukamwagika sokoni. Nikajua pia mtego wake: mwaka 2018 ilitoka China RX 580 nyingine inaitwa 2048SP, ambayo kwa undani ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Yenyewe halisi ina viini 2304. Tulipoipata ya mtumba kwa 290,000 nikaikagua, nikakuta 2304, nikatembea kifua mbele kama nimefunga goli la dakika ya tisini.

Kadi ile inakula umeme, wati 185 kwa makadirio ya wenyewe, na inataka waya wake wa pembeni kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai ya ile mashine ni ya wati 275 na huo waya haina. Nikamwambia dogo nunua nyingine ya wati 500. Ikaenda 65,000. Jumla 355,000. Ile elfu tano ya juu alikopa kwangu, nikamwambia achana nayo. Nikajiona mtu mwema sana.

Wiki zikapita. Jumapili moja usiku, saa nane, natoka msalani naona mwanga chini ya mlango wa dogo na nasikia feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikagonga. Dogo amekaa kitandani amejifunika shuka, anaiangalia skrini tu. Alikuwa anarenda, yani ameiachia kompyuta ichore jengo lake picha moja moja mpaka zitoke kama video ya mtu anatembea ndani. Presentesheni yake ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Nikaangalia. Picha moja ilikuwa inachukua dakika kumi na moja.

Nikamuuliza, "Dogo, kadi haifanyi kazi?"

Akasema, "Inafanya kaka, ila Blender haiioni kwenye Cycles. Usijali, natumia prosesa, itamaliza tu."

"Toka lini?"

"Toka siku ile ile."

Jamani. Toka siku ile ile! Siku zote hizo tunapishana kwenye korido, ananipa shikamoo, hajasema neno. Aliona nimehangaika naye, akaona aibu kuniambia kwamba nimemnunulisha tofali.

Nikachukua kalamu. Video ya sekunde 30, kila sekunde picha 24, hizo ni picha 720. Mara dakika 11 ni dakika 7,920. Hiyo ni saa 132, siku tano na nusu bila kupumzika na bila umeme kukatika. Alikuwa na siku nne na masaa.

Sikulala. Nikakaa nasoma kile ambacho nilitakiwa kukisoma kabla ya kufungua mdomo. Kisa chenyewe ni hiki, na nakiandika taratibu kwa wale wa usanifu, uhandisi na wote mnaotengeneza video.

Cycles ya Blender ikitaka kuitumia kadi inahitaji lugha ya kuongea nayo. NVIDIA wana yao inaitwa CUDA, wameanza kuitoa mwaka 2007, na programu nyingi za kazi zimejengwa juu yake. Kadi za AMD zilikuwa zinapitia OpenCL. Desemba 2021 ikatoka Blender 3.0, OpenCL ikaondolewa kwenye Cycles, na AMD wakaingia kwa njia mpya inaitwa HIP. HIP hiyo kwenye Cycles inaanzia kwenye kadi zao za vizazi vya baadaye. RX 580 ikaachwa kituoni. Kwenye Blender 2.93 ingefanya kazi, lakini faili la dogo lilikuwa la toleo jipya, tulipojaribu kulifungua huko nusu ya miti ikapotea. Kuna njia ya haraka ya Eevee, ambayo RX 580 inaiweza vizuri tu, ila jengo lake lilikuwa la vioo vitupu, na kwa Eevee vioo vikatoka kama nailoni.

Kwa hiyo kadi sio mbovu. Ni kadi nzuri kwa kazi nyingine. Mimi niliangalia vipimo vya michezo ya kompyuta, na dogo hachezi mchezo hata mmoja. Nilimuuliza bajeti yake, sikumuuliza anafanya kazi gani na kwa programu ipi. Na moyoni nilikuwa nimeshachagua nyekundu kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu rumeti wangu alikuwa amekaa pale anasubiri niseme kijani ili anicheke. Yani nilishauri kama shabiki, kwa hela ya mama wa watu anayeamka alfajiri kukanda ngano.

Asubuhi nikamwambia dogo, tunaiuza. Akagoma kwanza, anasema basi kaka yatosha. Nikamwambia hii sio msaada, hili ni deni. Kuna jamaa wa uhandisi ujenzi anacheza mpira wa kwenye kompyuta usiku kucha, nikamfuata, nikamweleza ukweli wote: hii kadi inafaa kwa michezo, kwa Cycles mpya haifai, na ni mtumba. Akaijaribu jioni nzima. Akachukua kadi na pawa saplai kwa pamoja, laki tatu. Yeye mpaka leo ananishukuru, na dogo karudi kwenye pawa saplai yake ya zamani ya wati 275.

Hapo ndipo kuchagua kwa kweli kulipoanza, kwa sababu sasa hatuna waya wa pembeni. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 mwisho. Kwa hiyo kadi lazima iishie hapo hapo.

Tukapanga. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inaishia wati 75, ila ni ya kizazi cha Pascal, na mwaka 2025 NVIDIA walikifungia kizazi hicho maboresho ya kawaida ya draiva, kimebaki na ya usalama tu. Nyekundu nayo niliitafutia nafasi, nawaambia ukweli nilitafuta kwa moyo wote: RX 6500 XT ya Januari 2022 Cycles inaiona, lakini nyingi zinataka waya wa pini 6, zina GB 4, na zinatumia njia 4 tu za tundu lenye njia 16, kitu ambacho kwenye mashine ya zamani kinaumiza zaidi. Hata Intel nikaiangalia, Arc A380 ya mwaka 2022 yenye GB 6, ila Intel wenyewe wanataka mashine yenye Resizable BAR, na ya dogo ilizaliwa mapema mno. Ikabaki GTX 1650. Kijani! Rumeti wangu alikuwa kitandani anasikiliza. Hakusema kitu. Akaanza kupiga mluzi.

Jumanne asubuhi tukaifunga mashine kwenye shuka, tukashuka Ubungo, tukapanda mwendokasi mpaka Gerezani, mashine iko mapajani kwa dogo kama mtoto mgonjwa. Tukaingia Kariakoo.

Duka la kwanza tukaambiwa 1650 hakuna, ila kuna 1050 Ti kwa bei ya kutupa, 180,000. Nikaishika, nikaona ina tundu la pini 6. Hilo peke yake halitoshi kuihukumu, lakini roho ikasita. Nikaomba tuijaribu kwenye mashine yake, nikachomeka flashi yangu yenye GPU-Z. Hii ni programu ndogo ya bure, inasoma chipu yenyewe badala ya jina lililobandikwa, na toka 2018 inaandika FAKE kabisa ikikuta kadi iliyodanganyiwa jina. Ikaandika FAKE. Chipu ndani ni GF116, ile ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011. Muuzaji akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mdogo wangu, na mimi niliuziwa hivyo hivyo." Nikamuamini. Uso wake ulikuwa kama wangu Jumapili usiku.

Duka la pili 1650 ipo, mpya, feni mbili, boksi linang'aa. Kuigeuza tu, pini 6 hii hapa! Na hapa ndipo watu wengi wanajichanganya, ngoja niseme vizuri. NVIDIA na AMD wanatengeneza chipu. Kadi unayoishika mkononi mara nyingi imetengenezwa na kampuni nyingine: ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Palit kwa kijani, Sapphire, XFX, PowerColor kwa nyekundu, na wengine wanafanya zote mbili. Chipu moja, kadi tofauti. Mmoja anaisukuma chipu kidogo zaidi anaweka tundu la pini 6, mwingine anaiacha ilivyo hahitaji. Tena kampuni ile ile moja inaweza kuwa na 1650 zote mbili dukani. Hata memori zipo za aina mbili, GDDR5 za mwanzo na GDDR6 zilizokuja 2020, ambazo zina kasi zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "chukua ya kampuni fulani ni bora", muulize ipi kati ya hizo za kampuni fulani.

Duka la tatu tukaipata. Mtumba safi, feni moja, fupi, haina tundu la pini. Mzee wa duka akasema, "Fungueni mashine yenu, ijaribuni hapa hapa, mkiridhika mnanilipa." Tukafungua shuka katikati ya duka. GPU-Z ikasema TU117, viini 896, GB 4. Dogo akafungua Blender, akaenda kwenye mipangilio, akabofya CUDA, na jina la kadi likatokea na kisanduku cha kuweka tiki. Dogo akanigeukia, hakusema kitu, akatabasamu tu. Bei 340,000. Tulikuwa na laki tatu. Elfu arobaini nikatoa mimi, ilikuwa hela yangu ya kula mpaka bumu litoke. Dogo akataka kubisha, nikamwangalia, akanyamaza.

Tukapita Msimbazi na kadi ya kijani kwenye mfuko. Nikaangalia chini.

Msidhani mambo yakaisha hapo. Usiku ule kurenda kukagoma, memori haitoshi. Ile GB 8 tuliyouza nikaikumbuka kama mchumba. Tukapunguza picha zote za matofali, nyasi na magome ya miti kutoka 4K kwenda 2K, ikakubali. Picha moja: dakika mbili. Mara 720 ni dakika 1,440, yani saa 24 kamili. Jumatano umeme ukakatika mchana kutwa, tukakaa kwenye giza tunaangaliana. Lakini nilishamwambia asirende moja kwa moja kuwa video, atoe picha moja moja, ili umeme ukirudi aendelee pale pale alipoishia. Alhamisi saa tatu usiku picha ya 720 ikatoka. Tukaangalia ile video ya sekunde thelathini labda mara ishirini. Mlango wa kioo unafunguka, mwanga wa asubuhi unaingia, unaona kivuli cha mti kwenye sakafu. Kijana ana kipaji jamani.

Ijumaa akaenda. Mchana akanipigia, nikamuuliza wamesemaje kuhusu video. Akasema, "Kaka, wameuliza ngazi tu. Wanasema ngazi ni nyembamba." Nikacheka mpaka machozi. Lakini amepita, na hilo ndilo la msingi.

Sasa leo mchana mama yake amenipigia simu. Dogo alimpa namba yangu. Anasema asante mwanangu kwa kumsaidia mdogo wako kununua hicho kitu, Mungu akubariki. Nilikuwa na nafasi ya kusema "amina mama" nikae kimya. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama, mara ya kwanza nilimshauri vibaya, na elfu hamsini yako imepotea kwa ajili yangu, nitairudisha bumu likitoka, nikitoa ile arobaini niliyoongeza. Akanyamaza kidogo, nikasikia kelele za stendi nyuma yake. Halafu akasema, "Haya mwanangu. Sasa umeshajifunza na hela ya kwangu, usijifunze tena na ya mwingine."

Nimeiandika hiyo kwenye karatasi, nimebandika ukutani juu ya meza.

Kwa hiyo wadau, kuanzia leo ukija kwangu na swali la kadi, mimi ndiye nitaanza kuuliza. Unafanya kazi gani, na programu ipi, toleo lipi? Mashine yako ni ipi, pawa saplai yake wati ngapi, ina waya wa pembeni au haina, boksi lina nafasi? Ukishanijibu hayo, mara nyingi zinabaki kadi mbili au tatu tu, na hapo ndipo tutaongea rangi. Ukicheza michezo tu na una umeme wa kutosha, nyekundu ya mtumba inaweza kukufaa sana. Ukirenda kwa Cycles kwenye mashine ya ofisini, nitakupeleka kijani, na nitakupeleka mwenyewe mpaka dukani na flashi yangu mfukoni. Usilipe kabla hujaona jina la chipu.

Rumeti wangu anasoma hii juu ya bega langu na anataka niandike kwamba Yanga imeshinda. Siandiki.

Acha nilale, kesho nina kipindi saa moja na wali maharage wa kukopa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.